Waya Uliomezwa na Usukani

Usukani wa baiskeli ya mbio ukivuliwa utepe wake huonyesha kitu ambacho mwendeshaji hakioni mwaka mzima: matundu. Yapo karibu na mahali mikono ya breki inapofungwa, moja kila upande, na kingo zake zimelainishwa ili zisikate kinachopita. Waya huingia hapo ukapotea. Katika baiskeli za miaka ya nyuma kidogo, huibuka katikati ya usukani, karibu na shingo, ukashuka hewani hadi kwenye fremu. Katika zile za karibuni hauibuki kabisa: hupenya shingo, hushuka kati ya beringi, huingia kwenye fremu, na kuonekana tena ukiwa umebakiza kiasi cha shubiri kufika kwenye gurudumu. Ukisimama mbele ya baiskeli hiyo, huoni kinachounganisha kidole na breki. Mkono unabana, gurudumu linasimama, na baina yao macho hayaokoti kitu. Huo ndio uzuri unaouzwa leo kwa bei ya juu, nao unastahili kuulizwa maswali, kwa kuwa waya haujaondoka. Upo, una urefu uleule au umezidi. Umehamishiwa makao mengine tu. Kuficha kitu hakupunguzi kazi yake. Kunaihamisha kazi hiyo kutoka kwenye jicho kwenda mkononi, kutoka kwa anayenunua kwenda kwa anayetengeneza, kutoka leo kwenda kesho. Kwa hiyo kila kilichofichwa kina deni ndani yake, na la kuuliza ni nani analipa.

Ili deni hilo lieleweke, sharti kwanza waya wenyewe ueleweke. Ernest Monnington Bowden aliupatia hataza nchini Uingereza mwaka 1896, na ingawa wapanda baiskeli wengi hawajawahi kulisikia jina lake, vidole vyao humtegemea kila wanapoteremka mlima. Ukiutazama kijuujuu utadhani ni uzi wa chuma unaovuta, basi. Kumbe kazi yake ina washirika wawili. Ndani mna waya uliosokotwa kwa nyuzi nyembamba, unene wake milimita 1.5 au 1.6 ukiwa wa breki, milimita 1.1 au 1.2 ukiwa wa gia. Nje mna ala, na ala hiyo haikuwekwa kwa ajili ya stara. Kidole kinapovuta, waya unavutwa na ala inasukumwa kwa nguvu ileile kuelekea upande wa pili; ala ikikosa mahali pa kuegemea, waya huvuta bure. Ndiyo maana ala ya breki na ala ya gia hazifanani tumboni. Ala ya breki, yenye unene wa milimita 5, hutengenezwa kwa chuma bapa kilichozungushwa duara juu ya duara ili kihimili mbano mkubwa. Ala ya gia, ya milimita 4, ina nyuzi za chuma zilizolazwa sambamba na waya, ili urefu wake usibadilike inapokunjwa, kwa sababu gia hupokea amri kwa vipimo vidogo sana. Ukiivisha breki ala ya gia, siku utakayobana kwa nguvu nyuzi zile zinaweza kupasua plastiki na kuchomoka pembeni, ukabaki umeshika mkono wa breki usio na breki. Hewani, fundi anayepita anaweza kuliona kosa hilo na kulikemea. Chini ya utepe mweusi ala zote mbili ni uvimbe mmoja tu. Huo ni ushahidi wa kwanza: kinachofichwa hupoteza alama za kukitofautisha, na kosa lililofunikwa halina mpita njia wa kuliona.

Kabla waya haujatamalaki palikuwa na vyuma. Baiskeli nzito za Raleigh, na baada yake Phoenix za Shanghai na Hero za India, zile ambazo nchini Kenya na Uganda zilipewa jina la Black Mamba, hubana rimu kwa vyuma vilivyonyooka. Ukibana mkono, chuma kimoja huinuka, kikavuta kingine kwenye kiungo, na raba mbili zikapanda kugusa upande wa ndani wa rimu. Mtoto anaweza kuifuata safari yote ya nguvu kwa kidole chake, kiungo kwa kiungo, na akifika penye nati iliyolegea akasema, ni hapa. Lakini tusizipambe kupita kiasi baiskeli hizo. Chuma kilichonyooka hakijui kona; kila kona inataka kiungo, kila kiungo hulika, na kikishalika hulia njia nzima. Mvua ikinyesha juu ya rimu za chuma, dereva husimama pale breki ipendapo. Alichokileta Bowden ni uhuru wa kupinda: nguvu inaweza kuzunguka kizuizi, ikapanda, ikashuka, mradi ala imepata pa kuegemea kila mwisho. Uhuru huo ndio uliozaa kishawishi cha kuficha. Kitu kinachoweza kupita popote, mwisho wake hupelekwa pasipoonekana.

Safari ya kuuficha waya ilikwenda hatua kwa hatua, na kila hatua ilikuwa na hoja yake. Kwa miongo mingi nyaya za breki zilichomoza juu ya mikono ya breki na kuchora pinde mbili kubwa mbele ya dereva. Miaka ya 1980 zikalazwa chini ya utepe. Mwaka 1990 kampuni ya Shimano ilipounganisha gia na breki katika mkono mmoja, nyaya za gia ziliachwa zining'inie pembeni. Miaka miwili baadaye Campagnolo ilileta mikono yake ikiwa imezipitisha zote chini ya utepe, na baada ya muda wengine wakafuata. Kisha wabunifu wa sukani wakachimba mifereji juu ya chuma ili uvimbe upungue, wakatoboa matundu ili waya uingie ndani, wakapanua beringi ya juu ya shingo ili nyaya zipite katikati yake. Hapakuwa na siku hata moja ambayo mtu aliamua kwamba baiskeli iwe ngumu kutengenezwa. Ugumu ulikuja kwa vipande vidogo, na kila kipande kilionekana cha busara siku kilipoletwa. Hivyo ndivyo madeni makubwa yanavyokua: hakuna anayekopa milima, watu hukopa kokoto.

Kwenye kona ndiko sheria ya maumbile inakodai sehemu yake. Baharia anayefika gatini akiwa na jahazi lililosheheni huizungusha kamba kwenye nguzo mara mbili tatu, na mtu mmoja akalishikilia jahazi ambalo watu kumi wasingeliweza. Hesabu ya jambo hilo iliandikwa katika karne ya 18 na mwanahisabati Leonhard Euler: nguvu inayopotea kwenye msuguano inategemea jumla ya pembe ambazo kamba imezunguka, nayo hukua kwa kuzidishwa badala ya kujumlishwa. Kinachomsaidia baharia ndicho kinachomwibia mwendesha baiskeli. Chukua waya ndani ya ala yenye msuguano wa 0.1, kiwango ambacho si kibaya. Ukizunguka jumla ya digrii 180 tangu kidoleni hadi kwenye breki, umepoteza asilimia 27 ya nguvu ya mkono. Ukifikisha digrii 360, umepoteza asilimia 47, karibu nusu. Hesabu haijali kama kona imefichwa au iko wazi, lakini usukani hujali, maana njia ya ndani huchaguliwa na umbo la usukani na waya haushauriwi. Hewani fundi hukata ala kwa kipimo kinachompa mpindo mpana. Ndani, waya hupinda pale tundu lilipo, kwa ukali ambao tundu limeamua. Na kwa kuwa waya una ukaidi wake na hauko laini kama kamba ya hesabu, kona kali huukandamiza kwenye utando wa plastiki, ukaukwangua polepole hadi chuma kikagusana na chuma. Mwendeshaji ataanza kusema gia zimekuwa nzito. Atalaumu mvua, atalaumu vumbi, atalaumu umri. Kona haitatajwa, kwa kuwa haionekani.

Tuitazame sasa kazi yenyewe kwa karibu, kwa sababu ni katika vidole vya fundi ndipo deni huhesabiwa. Fundi mzoefu hachomoi ala ya zamani kabla hajafikiria ya kesho. Huuacha waya mzee ndani, akaitoa ala peke yake, kisha akaitelezesha ala mpya juu ya waya uleule hadi iibuke upande wa pili. Mzee anamwonyesha kijana njia ya nyumbani ndipo anapoondoka. Ikiwa waya umekatika au umetolewa kwa pupa, fundi huanza gizani. Hufunga uzi mwembamba kwenye kipande cha sponji na kuuvuta kwa mashine ya kunyonya vumbi, au hutia waya wenye ncha ya sumaku na kuuongoza kwa sumaku nyingine inayotambaa nje ya usukani. Sumaku huuleta hadi kwenye tundu, na hapo ndipo mambo hukwama: ncha hupita juu ya tundu, hurudi, hugonga ukingo, hukataa. Ala nayo haitaki kukatwa ovyo. Mkasi butu huiponda, na mdomo uliopondwa huuma waya. Kwa hiyo fundi hukata kwa koleo kali, husawazisha mwisho kwa tupa, huchukua spoki iliyonolewa na kuufungua tena utando wa plastiki ulioziba, kisha huivisha ala kifuniko cha ncha. Baada ya hapo hugeuza usukani hadi mwisho wa kulia, halafu hadi mwisho wa kushoto, akitazama kama waya unavutwa. Ala iliyokatwa fupi itabana breki kila kona. Iliyoachwa ndefu itajikunja ndani na kugonga kuta za usukani kila barabara inapokuwa mbovu. Majuto ni mjukuu, na mjukuu wa ala iliyokatwa fupi huzaliwa mara utepe ukishafungwa.

Hoja ya kwanza dhidi ya haya yote ni ya upepo, nayo ina uzito wake. Anayepinga atakumbusha Julai 1989, Greg LeMond alipoingia mbio za mwisho za Tour de France, kilomita 24.5 kutoka Versailles hadi Paris, akiwa nyuma ya Laurent Fignon kwa sekunde 50, akashinda mbio za zaidi ya kilomita 3,000 kwa sekunde 8. Katika ulimwengu wa sekunde 8, atasema, hakuna waya mdogo. Na fizikia itamuunga mkono: kitu chembamba cha duara kinachokingama na upepo ni kibaya kuliko kinavyoonekana, kwa kuwa hewa hushindwa kujifunga tena nyuma yake. Tupige hesabu ya kukadiria. Ala moja ya milimita 5, yenye sentimita 30 zilizo hewani, humgharimu mwendeshaji wa kilomita 45 kwa saa kama wati 2. Anayekanyaga wati 350 atazitaka wati hizo, na nyaya zikiwa nne atazitaka zote nane. Ila gharama ya upepo hukua kwa mchemraba wa kasi, na mchemraba huo hukata pande zote mbili. Punguza kasi mara tatu, iwe kilomita 15 kwa saa, mwendo wa mtu anayekwenda kazini, gharama hupungua mara 27. Ala ileile sasa inamgharimu chini ya sehemu moja ya kumi ya wati, na shati lake linalopepea humgharimu kuliko nyaya zake zote. Hoja ya upepo ni ya kweli kwa bingwa, na kwa wengine ni vazi la kuazima. Anayenunua baiskeli ya kwenda sokoni yenye waya uliomezwa amelipia kasi ambayo hatakwenda, na akakopa ugumu ambao atakutana nao.

Hoja ya pili ni ya ulinzi: waya ulio ndani hauchomwi na jua, haunaswi na vichaka, haupigwi na tope. Ni kweli, na ala isiyokatika njiani huzuia maji kuliko ile iliyokatwa vipandevipande. Lakini ndani ya utepe hakuna ukavu tunaoudhania. Jasho hupenya utepe, chumvi yake ikabaki, na alumini iliyofunikwa pamoja na chumvi na unyevu huoza kimyakimya hadi kuwa unga mweupe. Hali huwa mbaya zaidi kwa wanaofanya mazoezi ndani ya nyumba, mahali pasipo na upepo wa kukausha mikono. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa nguo ni utepe. Waya wa gia nao una tabia yake: hukatikia ndani ya mkono wa breki, mahali unapozungushwa kwenye kijiroda kidogo, uzi mmoja leo, mwingine wiki ijayo. Palipo wazi, nyuzi zilizokatika husimama zikamchoma mtu kidole, na kidole kikatoa taarifa. Palipofichwa, taarifa ya kwanza ndiyo ya mwisho. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, na methali hiyo mara nyingi huelekezwa kwa mgonjwa mwenye haya. Tuielekeze pia kwa mbunifu, maana anaweza kumfichisha mtu mwingine ugonjwa ambao mwenyewe hakutaka kuuficha.

Kuna pia nguvu ya usukani wenyewe. Mwaka 1898 mhandisi Mjerumani Ernst Gustav Kirsch alionyesha kwa hesabu kwamba bamba pana linalovutwa, likitobolewa tundu la duara, hupata kwenye ukingo wa tundu mkazo mara tatu ya ule wa mahali pengine. Ukubwa wa tundu haumsaidii mtu. Hata dogo hudai mara tatu yake. Wabunifu wa sukani wanalijua hilo, na ndiyo maana huongeza unene pale wanapotoboa na kuchagua mahali ambapo mkazo ni mdogo. Kwa hiyo usukani uliotoka kiwandani na matundu yake ni kitu kimoja, na usukani uliotobolewa kwa drili ya nyumbani kwa sababu mwenyewe ametamani sura ya kisasa ni kitu kingine kabisa, kitu kisichofaa kupandwa. Machi 2021, katika mashindano ya Le Samyn nchini Ubelgiji, usukani wa Mathieu van der Poel ulivunjika upande mmoja ukabaki unaning'inia, naye akamaliza mbio akiwa ameshikilia kilichobaki. Dunia ilistaajabia ustadi wake. La kujifunza ni kwamba hata kwa mabingwa, wenye mafundi wanaokagua kila usiku, usukani hubeba uhai wa mtu, na chombo kinachobeba uhai hakistahili kutendewa kama kabati la kufichia vitu.

Hoja ya tatu ni tamu kuliko zote, nayo ni ya mwili. Mbona Mungu ameficha? Misuli inayokunja vidole haiko vidoleni; iko kwenye mkono, chini ya kiwiko, na huvivuta vidole kwa kano ndefu zinazopita ndani ya ala zao. Bowden hakufanya zaidi ya hapo. Na ukitaka kuona njia ya ndani iliyojaa, tazama kiganja kilichoshika usukani: kwenye kifundo chake kuna mfereji mwembamba ambao kano tisa na mshipa mmoja wa fahamu hupita pamoja, mifupa ikiwa chini na kano pana ikiwa imeufunika juu. Je, atakayeulaumu usukani kwa kumeza nyaya ataulaumu na mkono? Jibu ni kwamba mwili una kitu ambacho baiskeli haina: hujikarabati. Ala za kano hutoa majimaji yake, huota upya, hujifunga jeraha. Na hata kwa neema hiyo, mfereji ule wa kifundo ni miongoni mwa sehemu zinazosumbua sana watu. Kitu kikivimba humo hakina pa kwenda, mshipa hubanwa, vidole hufa ganzi, na hali ikizidi daktari wa upasuaji hukata ile kano iliyofunika ili kuuachia nafasi. Mwili unapokwama, tiba yake ni kufungua. Basi mfano wa mwili hautetei kuficha tu. Hututaka tukumbuke kwamba aliyeficha lazima awe na njia ya kuponya, na njia hiyo ikishindikana, pawe na mahali pa kupasua bila kuua.

Wengine watasema mjadala umepitwa na wakati. Tangu mwaka 2015 kampuni ya SRAM ilipotangaza gia za mbio zisizo na waya, amri husafiri hewani, na usukani unaweza kubaki mtupu. Ni kweli kwa gia, ila breki za mafuta bado zina mpira wake, nao bado hupita mlemle ndani. Katika baiskeli ambazo mipira hiyo hushuka katikati ya beringi ya shingo, kubadilisha beringi ya bei ndogo kunaweza kumlazimu fundi akate mpira, aunge upya, ajaze mafuta na kutoa hewa, kazi ya dakika chache ikawa ya saa kadhaa. Na amri inayosafiri hewani haikuukomesha ufichaji; imeufikisha mahali ambapo spoki iliyonolewa haifai kitu. Waya uliokatika mtu huuona akishaufikia. Programu iliyogoma haina uzi wa kuushika. Deni limehama tena, safari hii kutoka kwa fundi kwenda kwa kampuni iliyoshika funguo.

Na deni hili lina tabia ya kusafiri mbali na aliyelikopa. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifika Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Kigali, na baiskeli zisizoonyesha waya hata mmoja zilipanda milima ya nchi ambayo vijijini kwake baiskeli za chuma zenye breki za vyuma bado zinabeba viazi na maziwa. Ni rahisi kuziona hizo mbili kama enzi mbili zilizotenganishwa na karne. Lakini baiskeli haifi pale mwenye nayo wa kwanza anapoichoka. Za Ulaya na Japani huuzwa kwa mitumba, hupakiwa kwenye makontena, hushushwa Mombasa na Dar es Salaam, na kuishia kwa fundi mwenye koleo, bisibisi, mkebe wa grisi na kivuli cha mwembe. Fundi huyo ana akili ya kutosha kabisa. Anachokosa ni mwongozo, beringi yenye kipimo cha peke yake, na sindano ya kujazia mafuta ya breki. Mnunuzi wa kwanza alilipia uzuri, akautumia, akauza. Wa tatu, aliyelipia chombo cha kumpeleka kazini, ndiye anayeambiwa kwamba breki haitengenezeki. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na huyu amekabidhiwa mkakasi usiofunguka.

Haifuati kwamba nyaya zote zirudi hewani. Kuficha kunaweza kuwa adabu: kunapunguza vinavyonasa, kunakinga kisichostahili kupigwa, kunampa dereva wa mbio wati zake. Kinachotenganisha kuficha kwema na kubaya ni njia ya kurudia, na mifano yake ipo tayari madukani. Kuna fremu zilizowekewa mrija ndani tangu kiwandani, ukisukuma waya mwanzo unaibukia mwisho bila sumaku wala dua. Kuna pete za shingo zilizokatwa vipande viwili, zinazotoka bila kugusa mpira wa breki. Kuna shingo za usukani ambazo nyaya hupita chini yake badala ya kupenya ndani, zikaonekana kidogo sana na kufikika kwa ufunguo mmoja. Watengenezaji hao wamelipa deni mapema, kwenye meza ya michoro, ambako kulilipa ni rahisi kuliko popote. Kwa mnunuzi kipimo ni kimoja, nacho hakihitaji elimu ya uhandisi. Amuulize muuzaji: kipande cha bei ndogo kuliko vyote katika breki hii kikiharibika, kitabadilishwa na nani, kwa saa ngapi, kwa vifaa gani? Muuzaji akijibu bila kusita, waya umefichwa na mtu anayeuheshimu mkono wa mwenzake. Akianza kusifia mwonekano, mnunuzi ajue bei iliyoandikwa haijatimia. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mjenzi aliyeziba mlango ili ukuta upendeze ametunyima haki ya kujua kama nyumba yenyewe ni njema.